Kitabu cha Majuto Kimelala Jomvu Kuu

Mwenyeji wangu aliponipigia simu kuniita arusini Jomvu Kuu, Mombasa, alimaliza habari za tarehe, sare na mahari, kisha akaongeza agizo moja. "Ukija, njoo na Majuto." Nikajua anataka nini. Alitaka zile santuri za filamu za mchekeshaji Majuto, zile zilizouzwa kwenye makasha membamba yenye picha ya mzee aliyekunja uso, kofia kichwani.

Tanga, kwetu, ni mji wake Majuto, kwa hiyo nilidhani agizo ni dogo. Nilizunguka Ngamiani asubuhi nzima. Vibanda vya kukodisha filamu vimekwisha. Kimoja nilichokijua tangu ujana sasa kinauza makava ya simu na chaja. Mwenye kibanda alinisikiliza, akainama chini ya meza, akatoa boksi la viatu lililofungwa kwa mpira. Ndani zilikuwamo santuri za kila namna, nyingine hazina hata karatasi ya jina. Za Majuto zikapatikana sita. Mbili zilikuwa na mikwaruzo mirefu, na moja ilianza kubanduka pembeni, rangi ya fedha ikitoka kama ngozi ya samaki. Nikazifunga kwenye khanga, nikazitia katikati ya nguo, na juu yake nikaweka machungwa ya Muheza.

Safari yenyewe haina mengi. Basi la alfajiri, Horohoro, mihuri miwili, Lungalunga, minazi ya Kwale, halafu Likoni. Pale kivukoni nilisimama na umati ule uliobanana, baiskeli, mikokoteni, akina mama na ndoo za samaki, sote tukisubiri lango lifunguliwe. Ng'ambo ya pili nikapanda matatu ya kwenda Jomvu. Ilipita Kibarani, Changamwe na Mikindani, ikibanwa kulia na kushoto na matrela yaliyobeba makontena kutoka bandarini. Anayepita barabara ile kuu ya Nairobi bila kushuka atadhani Jomvu ni yadi za magari makubwa, gereji na vumbi. Inambidi ashuke, achukue tuktuk, ateremke upande wa hori. Hapo ndipo Jomvu Kuu inapoanza.

Ni kijiji cha kale. Wajomvu wamo katika Tisa Taifa, yaani ile miji tisa ya Waswahili wa Mombasa, ambayo pamoja na Thelatha Taifa huitwa Thenashara Taifa. Wana lahaja yao, Kijomvu, iliyo jirani sana na Kimvita. Maji yakijaa yanapenya hadi kwenye mizizi ya mikoko. Yakitoka yanaacha tope jeusi, na watoto huingia humo kutafuta kaa. Kwa mbali, upande wa bara, inaonekana miinuko ya Rabai. Kelele za matrela husikika bado, lakini kwa chini, mtu huzisahau. Nilipokewa na harufu ya mbaazi za nazi na sauti ya bibi mmoja akinikemea kwa kuchelewa, "Mjukuu wangu, umekuja na miguu?" Nikamwamkia, nikamshika mkono. Akauliza habari za Tanga, akaangalia mkoba wangu, akauliza, "Yumo?"

Alikuwa akimuuliza Majuto.

Usiku ule, baada ya Isha, wanaume walikaa barazani na wanawake wakatandika mikeka uani, mlango ukiwa wazi kati yao. Waya ulipitishwa dirishani, runinga ikawekwa juu ya meza ya kahawa, deki ikatolewa kabatini na kupulizwa vumbi. Santuri ya kwanza ilikataa. Ya pili ikaanza, ikakwama, picha ikavunjika vipande vya mraba. Bibi akasema, "Lete hapa." Akaishika kwa ncha za vidole viwili, akaipulizia pumzi kama mtu anayepulizia miwani, akaifuta kwa pindo la leso, kutoka katikati kwenda nje, polepole, hakuzungusha. Akairudisha. Picha ikatulia, na mzee wetu akatokea akiingia kwenye nyumba ya watu.

Hakusema neno. Alisimama mlangoni tu, mkongojo mkononi, akawatazama waliomo mmoja mmoja. Baraza nzima ikaangua kicheko. "Tazama mato yale!" alisema mzee wa karibu yangu, huku akifuta yake. "Mtu hajatwambia kitu, na sisi twateka."

Neno hilo nililipenda. Kwetu Tanga kuteka ni kuteka maji. Jomvu Kuu, kama ilivyo Mombasa na Lamu, ndiko kucheka. Usiku kucha nililisikia: tuteke, mwateka nini, tuliteka hata mbavu zatuuma.

Amri Athumani, ndilo jina lake alilopewa na wazazi, alizaliwa Tanga mwaka 1948. Alianza jukwaani mwaka 1958, mtoto wa miaka kumi hivi. Alifariki tarehe 8 Agosti 2018 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, baada ya kuugua muda mrefu na kupelekwa India kwa matibabu, akaja kuzikwa kwao Tanga. Tangu 1958 hadi 2018 ni miaka 60 ya kuwachekesha watu. Mwisho wa usiku ule nilihesabu kwamba hizo tarehe chache ndizo karibu zote tulizokuwa nazo kwa uhakika barazani, watu zaidi ya ishirini tunaompenda.

Aliyeanzisha jambo hili ni kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo, mpwa wa bwana arusi. Filamu ilipokwisha alitoa simu akasema anasoma kitabu cha mchekeshaji Trevor Noah wa Afrika Kusini, kile cha mwaka 2016, anamoeleza jinsi alivyozaliwa na mama Mwafrika na baba Mzungu wakati sheria ya nchi ilipoharamisha hilo. Alisema kitabu kile kimemfundisha habari za ubaguzi wa rangi kuliko darasa lolote, na kwamba amemwelewa mchekeshaji kwa kumjua mamake. Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa ndimi niliyetoka Tanga. "Kaka, na kitabu cha Majuto nitakipata wapi?"

Nikamwambia sijawahi kukiona. Akasema, "Hata kidogo? Hata cha kurasa hamsini?"

Swali lile lilinikaa, kwa kuwa wenzetu wanalitilia maanani. Charlie Chaplin aliandika maisha yake, kikatoka kitabu mwaka 1964. Richard Pryor, ambaye Wamarekani wengi humhesabu kuwa baba wa wachekeshaji wa kusimama peke yao jukwaani, alitoa chake mwaka 1995. Niliwasimulia habari za Pryor kwa sababu zinatugusa. Mwaka 1979 alikuja Kenya. Aliona nchi ambayo kila kazi, ya juu na ya chini, inafanywa na watu weusi kama yeye, akarudi kwao akaapa kwamba lile tusi la watu weusi, alilolitumia jukwaani miaka na miaka, hatalitamka tena. Alilieleza mwenyewe mbele ya watu, likaingia kwenye filamu yake ya mwaka 1982. Barazani kukawa kimya. Mzee mmoja aliyefanya kazi bandarini hadi akastaafu akasema, "Basi Kenya yetu imo kitabuni mwa yule, na Majuto hayumo kitabuni mwa mtu."

Mzee huyu ndiye aliyenisaidia zaidi. Ana kumbukumbu ya redio. Alituorodheshea watu wa kuchekesha tangu enzi za Sauti ya Kenya, kabla haijaitwa KBC mwaka 1989: Mzee Pembe, Mzee Tamaa, Kipanga Athumani. Akaeleza jinsi Redio Tanzania Dar es Salaam ilivyokuwa ikishika vizuri usiku, na nyumba tatu zilivyokusanyika kwenye redio moja kusikiliza Pwagu na Pwaguzi. Akamtaja Mzee Ojwang' wa kipindi cha Vitimbi, kwamba jina lake lilikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu aliyemwigiza Mjaluo hadi watu wakaapa ni Mjaluo, na kwamba alifariki Julai 2015. Akamtaja Mzee Small, Said Ngamba, aliyetutoka mwaka 2014. "Hesabu," aliniambia, akikunja kidole baada ya kidole. "Nani kati yao ametuwachia daftari?"

Hapo mjadala ukawaka, na sitaupunguza, kwa kuwa waliopinga walikuwa na hoja. Fundi mmoja wa majahazi, mtu mzima wa maneno machache, alisema mambo ya Majuto ni ya kuonwa. Ukiyatia karatasini yafa. Mkongojo wake hauandikiki. Ule mtuo wake kabla ya kujibu, pale watu wanapomngoja na yeye anatafuna ulimi, utauandika kwa herufi gani? Wengi wakamuunga mkono. Na bibi, kutoka uani, akasimama kuonyesha. Alitwaa fimbo ya kufagilia utando, akaingia kati yetu, akawa Majuto anayeingia kwenye nyumba asiyoalikwa. Alipiga hatua mbili, akasimama, akanusa. Akageuza shingo kwanza, kiwiliwili kikafuata baadaye. Akakitazama kiti, akakipapasa, akakaa nusu, akainuka, akakaa tena kama mwenye nyumba. Ni bibi wa miaka zaidi ya sabini, na kwa muda ule sote tulimwona mtu wa Tanga. Watoto walilia kwa kucheka.

Nami nilicheka hadi nikashika ukuta. Lakini nilipotulia niliona kwamba bibi ametoa jibu ambalo hakulikusudia. Yeye anajua jinsi Majuto alivyokaa kitini. Hakuna kati yetu aliyejua nani alimfundisha kukaa vile. Alikuwa mtoto wa umri gani alipogundua kwamba akinyamaza watu hucheka zaidi? Kati ya mwaka 1958 na zama za kanda na santuri ni miaka mingi. Aliitumia wapi, jukwaa gani, na kikundi kipi, kwa malipo gani? Alipomwigiza mzee mlafi, mzee mkware, mzee mkali asiye na fedha, alikuwa akimkumbuka nani wa mtaani kwao? Kicheko kimebaki kwenye santuri, kwa muda. Kazi iliyokizaa kicheko imezikwa naye.

Msichana mmoja aliyekuwa akimimina kahawa, mhasibu katika duka la vipuri, aliuliza swali ambalo wanaume tulikuwa tumelikwepa. "Na hizi filamu zote alilipwaje?" Kila mtu barazani aliwahi kununua santuri ya Majuto, au kuikodi, au kunakiliwa na jirani. Aliwachekesha watu kuanzia Tanga hadi Mombasa, na kila alipokaa Mswahili. Lakini katika miezi yake ya mwisho habari za fedha zake ziliwasikitisha watu, na aliyekuwa waziri wa habari na sanaa, Harrison Mwakyembe, akatangaza kwamba mikataba ya wasanii ipitiwe, Majuto akiwa mfano wa kwanza kutajwa. Mzee wa bandari akakumbusha kwamba Ojwang' naye, macho yalipomsumbua uzeeni, mashabiki ndio waliochanga. Msichana alisikiliza, akaweka birika chini. "Basi kitabu kile kingekuwa na hesabu ndani yake," alisema. "Ningekisoma hicho kwanza."

Mimi pia. Ningependa wachekeshaji wachanga wa leo wakisome kabla hawajatia sahihi popote.

Vijana walimkumbuka na Sharo Milionea, Hussein Mkiety, ambaye Majuto alicheza naye mara nyingi: mzee wa msuli na kijana wa miwani ya jua, hawaelewani hata neno. Sharo alikufa kwa ajali ya gari huko Muheza tarehe 26 Novemba 2012, na mkubwa akabaki miaka mingine karibu sita. Mwanafunzi yule alisema siku ile alikuwa mtoto mdogo, na ndiyo mara ya kwanza alipomwona babake akimlilia mtu asiye wa ukoo. Nikafikiri juu ya Majuto mwenyewe siku hiyo, mzee aliyempoteza mtu wa kumjibu. Hilo nalo lilikuwa ukurasa.

Sasa niseme jambo linaloniuma mimi mtu wa Tanga. Si kweli kwamba pwani yetu haina desturi ya kuandika maisha. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na mji wetu, mwaka 1909. Aliandika *Maisha Yangu*, kisha *Baada ya Miaka Hamsini*, akaeleza utumishi wake, ndoa zake na misiba yake bila haya. Tena ni yeye aliyeandika *Wasifu wa Siti Binti Saad*. Mwimbaji Siti alitoka Fumba, Unguja, aliuza vyungu, hakujua kusoma wala kuandika, na sauti yake ikafika Bombay kurekodiwa mwaka 1928. Alikufa mwaka 1950, na maisha yake yangepotea, lakini mtu mwenye kalamu alikuwa amemkalia, akamuuliza, akaandika. Na kabla ya hao wote Tippu Tip alikwisha kutuachia habari zake kwa Kiswahili. Mfanyabiashara wa watumwa na pembe za ndovu ana kitabu. Mtu aliyetumia miaka 60 kuwachekesha wanyonge wa mwambao huu, sisi tumemwacha kwenye boksi la viatu chini ya meza ya chaja za simu.

Nilipowaeleza haya fundi wa majahazi hakubishana tena. Aliuliza tu, "Siti aliandikwa yu hai?" Nikamwambia Shaaban Robert alimhoji mwenyewe angali hai. Akatikisa kichwa. "Basi sisi tumechelewa." Bibi akamjibu, "Waliokaa naye wako hai."

Kauli hiyo ya bibi ndiyo iliyonituma dukani asubuhi. Nilinunua daftari la shule na kalamu mbili. Siku ile, kabla ya arusi, nilikaa chini ya mwembe karibu na hori, na watu wakaja mmoja mmoja. Sikutafuta mambo makubwa. Niliwauliza: Majuto mlimwona mara ya kwanza wapi, katika nyumba ya nani, nani alikuwa hai wakati ule? Mama mmoja muuza samaki alieleza kwamba mumewe mgonjwa alikuwa hacheki kwa chochote isipokuwa filamu moja, na kwamba alimwekea filamu hiyo kila jioni kwa miezi, hadi akaijua kila kikohozi chake. Mume amefariki. Santuri ameihifadhi ndani ya Yasini iliyotiwa jalada. Alinionyesha. Haichezi tena, imepasuka hadi kwenye tundu la kati. Alinyoosha mkono nikampa, akairudisha mahali pake kwa taratibu ile ile ambayo bibi alitumia kufuta ile ya usiku.

Kijana mwingine alisema alijifunza Kitanga cha Majuto kabla ya kuijua Tanga iko upande gani. Mzee wa bandari alieleza kwamba habari za kifo zilipofika, kesho yake jioni, baada ya Magharibi, wanaume walibaki msikitini kidogo wakamwombea dua, mtu ambaye hakuna hata mmoja wao aliyepata kumpa mkono. Nikaandika jina la mwezi na mwaka pembeni. Walipopingana kuhusu filamu ipi ilitangulia ipi, niliandika maneno ya wote wawili.

Waliniuliza kama nilimjua. Nilisema kweli, kwamba nilimjua kama wao, kwa deki. Hawakuvunjika moyo. Nadhani walifarijika kwamba sote tuko kwenye mkeka mmoja.

Arusi ilipita salama, bwana arusi alipendeza, pilau ilitosha. Niliondoka Jumatatu nikaziacha santuri zote sita kwa bibi. Mwanafunzi ameniahidi kuzinakili kwenye kompyuta kabla ya masika, kwa kuwa unyevu wa hori hauna huruma. Daftari nilirudi nalo mimi. Nilipovuka Likoni nililishika mkononi, sikulitia mkobani.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma, hasa ukiwa Tanga, Muheza, Pangani au Dar es Salaam. Kama uliigiza naye, au ulimshikia kamera, au ulimpikia, au ulimwendesha garini, au ulikaa naye barazani akiwa Amri Athumani tu, kaa na kalamu wiki hii. Andika alichosema, alicholipwa, alichokula, nani alimfunza, nani yeye alimfunza. Usijali insha. Watoto wake wapewe nakala kwanza, kwa kuwa habari ni zao kabla ya kuwa zetu. Na wale wachekeshaji wazee walio hai leo, Kenya na Tanzania, mtu awaendee sasa na kinasa sauti, wangali na pumzi ya kusimulia.

Daftari la Jomvu Kuu lina kurasa 14 zilizojaa. Zilizobaki ni tupu.